Andika Jina la Ukoo

Kidirisha kinasema: andika jina la ukoo.
Naandika Mwalwisi.
Kinajibu: hakuna.

Saa tano usiku, Tukuyu, mvua haijakata tangu Jumanne
na bando la elfu moja linayeyuka.
Nyaraka za serikali ya kule kusini ni bure,
ndivyo alivyoniambia Ipyana wa stesheneri,
bure kama maji ya mto:
ndoo ununue mwenyewe.

Najaribu Mwaluwisi. Hakuna.
Malwisi. Hakuna.
Nawaza: karani huyu alikuwa nani,
na kalamu yake ya wino, na foleni ya vijana wetu
waliovuliwa mashati wapimwe vifua kwa ajili ya mgodi,
kila mmoja akitaja jina mara moja tu,
kwa sauti ya mtu anayeona haya kusimama kifua wazi?
Naazima masikio yake.
Mgeni, asiyetenganisha l na r,
asiyejua kuwa hiyo Mwa ndiyo mlango wa nyumba.
Namkosea babu kama alivyokosewa.
Naandika Marwizi.

Yamepatikana: moja.

Picha inashuka polepole, mzigo unaoteremshwa kwa kamba:
kwanza ukingo uliotafunwa na mende,
kisha mistari ya bluu,
kisha babu.

Namba 4417. Wilaya, Rungwe.
Urefu, futi tano na inchi sita.
Kovu, goti la kushoto.
Mke, mmoja.
Watoto: hapo karani alipiga kistari.
Kistari hicho ni shangazi Subilaga,
miaka themanini na mbili, chumba cha pili,
namsikia akikohoa.

Chini kabisa, dole gumba.
Naweka langu juu yake. Simu inadhani nataka kukuza picha,
inakuza, inakuza,
mpaka dole la babu linakuwa kilima chenye matuta
na mimi sijui nianze kulima wapi.

Ndipo nikaona pembeni, kwa wino mwekundu,
mwandiko wa mtu mwingine,
neno moja la Kiingereza, herufi nane:
ametoroka.
Tarehe 9 Juni, 1951.

Umeme ukakatika.

Kwetu husemwa mwamba ulimwangukia.
Nani alileta habari hiyo, hakuna anayekumbuka,
lakini tumeisema hivyo kwenye harusi, kwenye vikao vya mahari,
hata mchungaji aliwahi kuitolea mfano.

Asubuhi shangazi anachambua maharage.
Nauliza kwa mbali: baba yako alikuwa na kovu?
"Goti la kushoto. Jembe.
Alikuwa anachimba shimo la mgomba." Ananyoosha midomo
kuelekea nyuma ya choo, ambako sasa kuna parachichi za mkataba.

Nikamsomea. Nilipofika kwenye wino mwekundu nikasita.
"Soma."
Nikasoma.

Hakusema neno. Akatoa kokoto moja kwenye ungo,
akaitazama, akairudisha humohumo kwenye maharage.
Kisha akacheka, cheko la kifua kibovu, lililomtoa machozi.

"Tulimzika, unajua?
Mwili haukuwepo, tukazika blanketi lake.
Jipya! La mistari, alilotuma kwa mkono wa Anyosisye.
Julai, na baridi yetu hii.
Nililia mpaka wakasema, tazameni mtoto anavyomlilia babaye.
Mimi nalilia blanketi."

Akafuta macho kwa kiganja.
"Humo ndani ni bure?"
Bure, shangazi.
Akafungua fundo la kanga, akatoa elfu mbili iliyolowa jasho.
"Kanunue bando.
Mtu akitoroka, huko aendako huandikwa tena.
Jaribu kukosea zaidi."